Swali la Nne Nyuma ya Barua

Kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, mwanamume mmoja aliyekuwa akilisha mashine kubwa ya pasi alijulikana kwa jina la Bwana Mstari. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa zamu ya asubuhi, kwa sababu popote palipochorwa mstari, yeye alisimama nyuma yake. Benki alisubiri nyuma ya mstari hata kama dirishani hapakuwa na mtu, mpaka karani amwite kwa mkono. Barabarani alingoja taa ya kijani hata kama barabara ilikuwa tupu kama uwanja wa shule siku ya likizo, huku wenzake wakivuka na kumcheka. Gari lake dogo la mtumba aliliendesha polepole kiasi kwamba siku moja bibi mwenye mkongojo alimpita. Hiyo ya bibi ilitungwa na wenzake, lakini yeye hakuikanusha.

"Nina faili," alizoea kuwajibu.

Alilitaja faili hilo kama mtu anavyomtaja mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Alikuwa amehamia nchi hiyo miaka tisa iliyopita, na tangu siku aliyoambiwa kwamba mtu akikaa miaka saba kwa mwenendo mzuri anaweza kuomba uraia, aliamini kwamba mahali fulani, kwenye ofisi ya ghorofa ya juu, kuna jalada lenye picha yake, na kwamba kila kosa dogo analolifanya mitaani hudondokea humo lenyewe. Redio iliyopigwa kwa sauti ya juu, taka zilizotupwa kwenye pipa la jirani, kitabu cha maktaba kilichochelewa kurudishwa: vyote alidhani vinaandikwa. Hakuna aliyemwambia hivyo. Na yeye hakuwahi kumuuliza mtu, maana kuuliza nako alihofia kungeandikwa.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mkewe aliyeshona mapazia, na binti yao wa pekee waliyemwita Reli. Binti alipata jina hilo akiwa na miaka tisa, walipopanga nyumba iliyopakana na njia ya treni. Badala ya kulalamikia kelele kama watu wengine, alikaa dirishani na daftari, akiandika saa ya kila treni na kuwasema madereva waliochelewa. Tangu hapo mama yake akawa Mama Reli na baba yake Baba Reli, na binti hakubadili mawazo hata siku moja. Alitaka kuendesha treni. Chuo cha shirika la reli kilikuwa kimeshamkubali, kwa sharti moja lililoandikwa kwa wino mzito: alete cheti cha uraia kabla ya siku ya kuanza masomo.

Njia ilionekana nyeupe. Sheria ilisema mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane, anayeishi na mzazi wake, huwa raia siku ile ile mzazi anapokula kiapo. Reli angetimiza miaka kumi na minane tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tisa. Baba akiapa kabla ya siku hiyo, wameapa wawili. Akiapa baada yake, ameapa peke yake, na binti ataanza mstari wake mwenyewe kutoka mwisho.

Kwa hiyo kwa miezi mitano binti alimfanyisha baba yake mazoezi ya mahojiano. Jioni, sahani zikishaoshwa, Reli alikaa kwenye kiti kirefu nyuma ya meza ya kupigia pasi akiwa na rula mkononi, na baba akakaa kwenye stuli fupi mbele yake, magoti yakimkaribia kidevu. Reli alikuwa afisa asiye na huruma. Alikuwa na kanuni tatu: jibu kilichoulizwa tu, mtazame afisa machoni, na zoezi likishaanza halikatizwi hata kama chakula kinaungua. Mara mbili kiliungua.

"Umewahi kukamatwa na polisi?" aliuliza, akigonga rula mezani.

"Hapana, afisa."

"Umewahi kuendesha gari ukiwa umelewa?"

"Hapana, afisa. Mimi tangu nifike hapa..."

"Mimi hayumo kwenye swali. Jibu ulichoulizwa."

Mama Reli, aliyekuwa akipinda pazia pembeni, alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Mahojiano yenyewe yalifanyika siku ya Jumanne na hayakuchukua hata nusu saa. Bwana Mstari alijibu kilichoulizwa, akamtazama afisa machoni, na akatoka akiwa ameambiwa kwamba amefaulu, asubiri tu barua yenye tarehe ya kiapo. Alitembea kutoka ofisini hadi nyumbani bila kuhisi miguu.

Siku ya Alhamisi, zamu ilipokwisha saa nane mchana, msimamizi wao, mama mmoja mcheshi waliyemwita Mama Foronya, aliingiza chupa tatu za pombe kali katika chumba cha kukunjia, zikiwa zimefichwa kwenye toroli chini ya foronya. Alisema haiwezekani mtu wao apate nchi halafu wao wanywe chai. Walimiminiana kwenye vikombe vya bati. Bwana Mstari hakuwa mtu wa kunywa. Kwa miaka yote hiyo, akiwa na ufunguo wa gari mfukoni, hata kwenye harusi alinywa maji. Lakini siku hiyo alijiona kama mtu aliyeshusha gunia lililokaa begani miaka mingi, na bega lake lilikuwa jepesi ajabu. Alikunywa kikombe cha kwanza kwa heshima, cha pili kwa furaha, na cha tatu na cha nne bila kuvihesabu. Alikuwa ameshapanga akilini mwake: gari angeliacha palepale barabarani, arudi nyumbani kwa basi, alifuate kesho.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulivunjika saa kumi kasorobo, alipotazama saa ya ukutani na kukumbuka kibao cha barabarani pale alipoegesha.

Upande ule wa barabara, kila Alhamisi saa kumi kamili, gari la kufagia lilipita, na gari lolote lililokutwa limeegeshwa hapo lilibandikwa karatasi ya faini kwenye kioo. Karatasi. Yenye namba ya gari, jina lake, na tarehe, siku mbili tu baada ya mahojiano. Aliliona faili likifunguka na karatasi hiyo ikidondokea ndani.

Akasimama, akashika ukingo wa meza, akasema anakwenda kusogeza gari. Mama Foronya alimwambia ampe yeye ufunguo, mlinzi wa getini atamsogezea, kwani mlinzi hajatia kitu mdomoni.

"Haiwezekani," alisema Bwana Mstari kwa uzito wote. "Bima imeandikwa jina langu. Mlinzi akiendesha, ni kosa."

Wote waliangua kicheko, na yeye akacheka nao. Ndivyo ilivyokuwa: alikataa kuvunja sharti la bima, akatoka kwenda kuendesha gari akiwa amelewa.

Alichotaka ni kitu kidogo tu, kulitoa gari upande mmoja na kulizungusha kona hadi upande wa pili, mwendo wa hatua sitini. Aliwasha taa zote. Aliwasha kiashiria cha kukata kona. Alifunga mkanda. Kisha kona ikaja mapema kuliko alivyotarajia, akaikata kwa upana, gari likapanda njia ya waenda kwa miguu penye kituo cha basi, likang'oa pipa la taka na kusimama kwenye nguzo ya kibao.

Kituoni walikuwepo watu wanne. Mmoja alikuwa mama aliyemshika mkono mtoto wa kike wa miaka sita hivi, aliyevaa sare za shule. Mama alimvuta mtoto kwa nguvu kiasi kwamba begi lilimchomoka mgongoni likaanguka, na gurudumu la mbele likapita juu yake. Mtoto hakuguswa. Hakulia hata kulia. Alisimama akilitazama begi lake chini ya gari, kama anangoja mtu mzima amwambie lile ni jambo la namna gani.

Askari hakuhitaji kuitwa. Alikuwa pale pale kwenye kona na kitabu chake cha faini, akisubiri saa kumi ifike.

"Baba, umekunywa?"

Bwana Mstari alimtazama machoni. "Ndiyo, afande," alisema, akajibu kilichoulizwa tu.

Askari alilivuta begi kutoka chini ya gurudumu, akatoa vilivyokuwa ndani kimoja kimoja na kuviweka juu ya boneti: kikopo cha chakula kilichobondeka, kalamu za rangi zilizovunjika, na daftari la hesabu lenye alama ya tairi iliyokatiza jalada zima kutoka kona hadi kona. Jina la mtoto lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa za kujifunza, na alama ile ilipita juu ya jina.

Mama wa mtoto hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimsogelea, akanyoosha kidole chini, kwenye zege, na kusema kwa sauti ya chini, "Alikuwa amesimama hapa. Hapa hapa."

Pingu alifungwa mbele ya dirisha la kiwanda. Huko ndani wenzake walikuwa wamejipanga nyuma ya kioo chenye ukungu wa mvuke, na Mama Foronya ameziba mdomo kwa taulo. Bwana Mstari aliinamisha kichwa. Kama angeweza, angeipasua ardhi kwa kucha akaingia.

Kituo cha polisi kilikuwa na benchi lililofungwa kwa nati sakafuni na harufu ya dawa ileile waliyoitumia kiwandani. Alipuliza kwenye kifaa mara mbili. Alivuliwa mkanda, akatoa kamba za viatu, akavua pete iliyokataa kutoka mpaka ikapakwa sabuni. Karani alimuuliza maswali ya kujaza fomu: jina, kazi, mahali anapoishi, uraia. Hilo la mwisho alikuwa amelifanyia mazoezi miezi mitano kwa jibu ambalo bado halikuwa lake. Alitaja nchi aliyozaliwa, kwa sauti ya chini hata karani akamwambia arudie.

Mkewe alikuja kwa basi, amembebea sweta. Alitia sahihi palipotakiwa, wakatembea hadi kituo cha basi.

"Baba Reli, kuna mtu ameumia?"

"Hakuna. Kulikuwa na mtoto. Hakuumia."

Mama Reli alifumba macho kwa muda, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Mtoto wetu asijue. Ana mitihani."

Walikubaliana kwamba gari limeharibika gia. Na kwa kuwa uongo wa kwanza haupendi kukaa peke yake nyumbani, ukaleta wenzake. Mahakamani alikiri kosa, akatozwa faini, akanyang'anywa leseni kwa mwaka mmoja, akawekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa mwaka huo huo, na kuamriwa kuhudhuria masomo ya Jumamosi kumi na mbili kwa watu walioendesha wakiwa wamelewa. Reli aliambiwa kwamba baba amepata zamu za ziada Jumamosi. Binti akamwonea huruma, akaanza kumfungia chakula. Bwana Mstari alikila chakula hicho darasani, katikati ya watu waliokuwa wakitazama picha za magari yaliyopondeka.

Barua ya kiapo ilifika mwishoni mwa mwezi wa saba. Tarehe sita ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi. Siku kumi na tatu kabla ya siku ya kuzaliwa ya Reli. Binti aliibandika mlangoni mwa friji na kuizungushia kalamu nyekundu. Hakuigeuza. Baba yake ndiye aliyeigeuza, akakuta nyuma maswali matano ya kujibiwa kwa wino na kukabidhiwa mlangoni siku hiyo. Swali la nne liliuliza: tangu siku ya mahojiano, umekamatwa, kushtakiwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote?

Alimtafuta wakili anayesaidia watu bure, dada mmoja kijana mwenye mafua, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Wakili alisoma karatasi zote, akapenga, kisha akamweleza bila kuzungukazunguka. Kosa moja la namna hiyo, ambalo halikuumiza mtu, halimfungii mlango maisha. Lakini uraia hupimwa kwa mwenendo wa miaka ya karibuni, na mtu hawezi kuapishwa wakati bado yuko chini ya uangalizi wa mahakama. Akijibu ndiyo, kiapo kitasimamishwa, na inaelekea ombi litakataliwa. Ataweza kuomba upya miaka kadhaa ikishapita akiwa hana kosa lingine. Akijibu hapana, huenda akaapa siku hiyo hiyo. Ila siku yoyote watakapogundua, hata baada ya miaka kumi, uraia alioupata kwa uongo unaweza kufutwa, pamoja na wa mtoto aliyeupata kupitia kwake.

"Na ile faini ya kuegesha," Bwana Mstari aliuliza wakati anasimama, "kama ningeacha tu gari pale, ingeharibu nini?"

Wakili alimtazama kama hakuelewa. "Faini ya kuegesha? Hiyo hata hawaiulizi, baba."

Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Siku hiyo hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikaa mbele ya duka la viatu akitazama viatu kwa muda mrefu, mpaka muuzaji akatoka kumuuliza kama anatafuta saizi.

Shemeji yake, kaka wa Mama Reli, fundi wa kupaka rangi nyumba asiyejua kunong'ona, alikuwa na ushauri mfupi. Aandike hapana, basi. Alisema kompyuta za mahakama na za uhamiaji hazijuani hata kwa salamu, na kwamba mtu mzima hawezi kumtupa mtoto wake mtoni kwa sababu ya pipa la taka. Aliposema pipa la taka, Bwana Mstari aliliona daftari. Mkewe hakushauri lolote. Alisema tu, huku akitunga uzi kwenye sindano, "Mimi sitakushika mkono ukiandika. Wala sitakuzuia." Wiki tano zikapita hivyo. Maswali manne yalikuwa na majibu. La nne lilibaki wazi, na barua ikarudishwa mlangoni mwa friji, uso ukitazama nje.

Asubuhi ya tarehe sita, saa moja na nusu, Bwana Mstari alitoka chumbani amevaa suti aliyoazima kwa shemeji, yenye mabega mapana kuliko yake. Reli alikuwa ameshakaa nyuma ya meza ya pasi. Alikuwa ameibandua barua mlangoni, ameigeuza, na rula ilikuwa mkononi.

"Kaa, baba. Kuna maswali mengine huku nyuma, hamkuniambia. Tuyapitie mara moja."

Baba akakaa kwenye stuli fupi. Mama Reli alisimama mlangoni, kitana mkononi, nusu ya nywele zake hazijachanwa.

Swali la kwanza lilihusu safari za nje. Hapana, afisa. La pili lilihusu mabadiliko ya ndoa. Hapana, afisa. La tatu lilihusu majeshi ya nchi nyingine, na Reli alitabasamu kidogo, maana baba yake aliogopa hata baruti za sherehe. Hapana, afisa.

"Swali la nne. Hili umelisahau, hujaweka alama. Tangu siku ya mahojiano, umekamatwa, kushtakiwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote?"

Bwana Mstari alimtazama machoni, kama alivyofundishwa.

"Ndiyo, afisa."

Rula ilibaki hewani. "Baba, usinitanie leo."

"Sikutanii."

"Nauliza tena." Sauti ilikuwa imeanza kupungua. "Umekamatwa?"

"Ndiyo. Kwa kuendesha gari nikiwa nimelewa. Alhamisi ile, baada ya mahojiano. Gari halikuharibika gia, mwanangu. Na Jumamosi sikuwa kazini."

Reli aligeuka kumtazama mama yake mlangoni. Mama alitazama kitana. Binti akaelewa kwamba katika nyumba ya watu watatu, wawili walikuwa wakijua. Baba yake alingoja alie, au atupe rula, au aondoke. Hakufanya hata kimoja. Kanuni ya tatu ilikuwa yake mwenyewe: zoezi halikatizwi. Alimuuliza saa ngapi, wapi, alikuwa anakwenda wapi, na baba akajibu kila kilichoulizwa. Alimweleza habari za kibao, za gari la kufagia, za bima, za hatua sitini.

"Kulikuwa na mtu?"

Hapo baba alieleza habari za mtoto na begi na daftari. Alipofika kwenye jina lenye alama ya tairi hakuweza kulimaliza.

Treni ya saa mbili kasoro kumi ilipita, vikombe vikatetemeka kabatini, na kwa mara ya kwanza Reli hakuitazama saa.

"Kwa hiyo uliogopa faini," alisema hatimaye. "Kulikuwa na mtoto barabarani, na wewe ulichoogopa ni karatasi."

Hilo halikuwemo kwenye fomu.

"Bado la tano," alisema Reli kwa sauti kavu. "Uko tayari kula kiapo kwa hiari yako?"

"Ndiyo, afisa."

Binti akamsukumia kalamu. Karatasi ikawa inateleza juu ya kitambaa cha meza, basi Reli akaigandamiza kwa rula kwenye kona mpaka alama ya swali la nne ilipowekwa kwenye ndiyo. Kisha akaiinua rula, akaingia chumbani, akafunga mlango. Walidhani hatakwenda. Lakini saa tatu alitoka amevaa gauni lake la bluu, akatangulia kwenda kituo cha basi.

Mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Alisimama nyuma yake mpaka alipoitwa. Afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, aligeuza barua, akashuka kwa kidole hadi swali la nne, akaomba karatasi za mahakama. Bwana Mstari alikuwa nazo kwenye bahasha.

"Umefanya vizuri kuandika," alisema afisa, bila ukali wala upole. "Lakini leo huapi. Keti kule ukutani, nitakupa barua ya kusimamisha kiapo sherehe ikiisha."

Alikaa ukutani, kwenye kiti cha plastiki, katika suti yenye mabega ya mtu mwingine. Watu walipoambiwa wasimame na kuinua mkono wa kulia, mama mmoja aliyekuwa jirani na kiti chake hakujua mkoba wake auweke wapi, akamwomba amshikie. Wengine wakaona, nao wakampa. Watu mia na arobaini walikula kiapo kwa sauti moja, na yeye alikaa amekumbatia mikoba minne ya watu asiowajua. Safu ya nyuma, viti viwili mbali na mama yake, Reli alikuwa amenyoosha mgongo, akitazama mbele.

Barua ya kukataliwa ilikuja wiki saba baadaye. Kabla ya hapo tarehe kumi na tisa ilikuja ikapita, na chuo kiliandika kwa adabu kwamba nafasi imepewa aliyefuata kwenye orodha. Reli alipata kazi ya kuuza tikiti katika stesheni ndogo, akaanza kutayarisha ombi lake mwenyewe. Hakumnunia baba yake. Alimsalimia asubuhi, akampakulia chakula, akamuuliza kama mgongo unamuuma. Ila alipotaka mtu wa kumfanyisha mazoezi ya maswali, hakumwita baba. Alimwita mjomba wake.

Mjomba alikuwa afisa mbovu. Alisahau maswali, aliuliza vitu visivyokuwemo, alikatiza zoezi kila alipokumbuka kichekesho. Bwana Mstari alilala upande wa pili wa ukuta akisikiliza. Binti aliulizwa kama amewahi kukamatwa, akajibu hapana, na midomo ya baba yake ilijibu pamoja naye bila sauti.

Kiwandani waliendelea kumwita Bwana Mstari. Aliwaomba waache, akamwomba Mama Foronya peke yake pembeni, naye akakubali kwa moyo wote na kumwita hivyo hivyo kabla ya saa kuisha.

Sasa anarudi nyumbani kwa basi, na kituo ni kile kile. Pipa jipya limewekwa, limefungwa kwa nati nne. Siku moja ya mwezi wa pili, saa kumi kasoro dakika chache, alikuwa amesimama hapo akisubiri alipoona sare za shule zikija kutoka kona. Mtoto alikuwa amerefuka kidogo. Alikuwa na begi jipya la manjano, kubwa kuliko mgongo wake, na alikuwa akimsimulia mama yake habari ndefu ya mtu aliyempokonya kifutio.

Bwana Mstari alitaka kuwasogelea. Alikuwa na maneno aliyoyapanga kwa miezi, na yote yalikuwa mafupi. Lakini mama yule aliinua uso kutazama kama basi linakuja, na miguu yake yeye ikamrudisha nyuma, hatua moja, kisha nyingine, mpaka akawa nyuma ya kibanda cha kituo, kwenye majani na makopo, mahali ambapo hakuna mtu anayesubiri basi.

Basi likaja. Alimsikia mtoto akipanda, bado anasimulia habari ya kifutio. Mlango ukafungwa, basi likaondoka, nalo lilikuwa ndilo basi lake. Alibaki amesimama pale nyuma ya kibanda kwa muda, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.